Ndui ya Vyungu vya Mlola

Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Mlola tangu usiku, na hata jua lilipopaswa kuwa juu ya miti lilikuwa bado linatafuta pa kupenyea. Baridi ilishika masikio. Majani ya migomba yalidondosha maji kana kwamba mvua imenyesha, na haikuwa imenyesha.

Beatha alijifunga kitenge mabegani akatoka kwenda kuvitazama vyungu vyake barazani. Vilichomwa Jumanne, vikatoka motoni vyekundu na vizima, vikilia ngii ukivigonga kwa kucha. Sasa alikigonga cha kwanza, kikamjibu kwa sauti ya kibuyu kibovu. Akakigeuza. Ubavu wote ulikuwa umeingia vishimo vya ukubwa wa punje ya mahindi, na vigae vyake vidogo vilikuwa vimelala sakafuni. Ndani ya kila kishimo, katikati kabisa, palikuwa na nukta nyeupe. Akageuza cha pili. Akageuza cha tatu. Hali ilikuwa ile ile.

Alichuma mwiba kwenye mlimao wa uani, akachokoa nukta moja, ikatoka kama unga. Akaiweka kwenye ncha ya ulimi. Ikamng'ata kidogo, kisha ikamwachia ladha aliyoijua, ila hakukumbuka ameijulia wapi.

"Mama Rubeni! Hodi hapo!"

Alikuwa Mwajuma, mfinyanzi mkubwa kuliko wote pale kijijini kwa umri na kwa sauti. Alikuja na mtungi kifuani, akauweka mbele ya miguu ya Beatha kama mtu aliyeleta mtoto mgonjwa zahanati.

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba, ingawa leo hiyo raha yenyewe siioni. Tazama. Umeota ndui."

"Vyangu pia."

"Vya Yunis pia, nimepitia kwake. Vya kila mtu." Mwajuma alishika kiuno. "Shimo limekasirika. Na aliyelikasirisha tunamjua, tena yumo humu ndani kwako anakoroga uji."

Ndani, mwiko ulinyamaza sufuriani.

Shimo la udongo la Mlola ni la wanawake. Mama zao walichimba pale, na bibi zao kabla yao. Mwanamume akipita njia ile husimama kwenye jiwe bapa lililo konani, akakohoa, akangoja. Halivuki. Mwanzoni mwa mwezi ule, Jenipher, mke wa Rubeni mwana wa Beatha, aliteleza pale ukingoni mwa shimo akateguka kifundo cha mguu, akapiga yowe. Rubeni alikuwa akikata majani ya ng'ombe karibu. Alilivuka jiwe bapa mbio, akamwinua mkewe, na kwa mkono mwingine akaubeba na mfuko wake wa udongo. Wanawake walimwona. Siku ile walicheka. Leo hakuna aliyecheka.

"Mwanao alivuka," alisema Mwajuma.

"Alisikia yowe la mkewe. Ulitaka aanze kuulizia mipaka?"

"Angetuita sisi. Hatuna mikono? Leo kavuka yeye, kesho kila mwanamume atakuja na kiroba chake, keshokutwa watachimba kwa sululu wauze tofali." Akashusha sauti, lakini si sana. "Wanawake wameshasema. Yule binti asitie tena mguu shimoni. Akafanye kazi nyingine. Chai si anaijua? Arudi kwenye chai."

Jenipher alikuwa amezaliwa Bulwa, upande wa mashariki wa milima hii, kwenye kambi ya wachuma chai, kwa baba na mama waliotoka Tukuyu. Alipoolewa Mlola hakujua neno la Kishambaa zaidi ya salamu. Miezi yote ya mwanzo alikaa jikoni kama mgeni anayengoja basi. Ni shimoni alikofundishwa lugha, mikono ikiwa ndani ya udongo, wanawake wakimcheka akikosea na kumrudisha kwenye njia. Shamba lake mwenyewe hakuwa nalo. Akifungiwa shimo, atakuwa amefungiwa kijiji. Beatha alilijua hilo, na alijua kwamba Mwajuma naye analijua.

"Nipe Jumamosi mbili, dada," alisema.

"Za nini?"

"Chungu ndicho kilichougua. Tukiulize chungu kwanza, ndipo tumuulize mtu."

Mwajuma aliinama. "Wewe na mawe yako," alisema, akauchukua mtungi wake. "Haya. Jumamosi mbili. Lakini usije ukaniambia kimeongea Kiingereza."

Kweli Beatha alikuwa na mawe yake. Shangazi yake aliyemlea alikuwa mfinyanzi, na hakumpa udongo ashike mpaka alipoyajua mawe ya mlima huu. Alimfundisha kuligonga jiwe na kusikiliza, kulikwaruza kwa kisu, kulilowesha na kulinusa. Lile lenye mistari myeusi na myeupe, alimwambia, ndilo mfupa wa mlima. Vipunje vyekundu vilivyomo si damu wala si johari ya kukimbilia nayo mjini. Vimetapakaa kila korongo, na mchanga wa mto umejaa vumbi lake. Ulanga, ule unaometa na kubanduka kama karatasi, ukizidi kwenye udongo chungu hakishikani. Na lile jeupe la maziwa, lisilong'aa sana, ndilo mama wa udongo wenyewe: likikaa ardhini na kunyeshewa miaka na miaka linaoza, linalainika, linakuwa ule udongo mweupe unaochimbwa. "Tunafinyanga mlima uliooza," shangazi alikuwa akisema, na kucheka kwa meno yaliyobaki.

Lakini udongo mtupu haufai. Ukiingia motoni peke yake hupasuka, kwa kuwa hauna pa kupumulia. Hivyo huchanganywa na chenga za jiwe. Mlola walitumia siku zote jiwe jeupe gumu la mtoni, lile linalotoa cheche ukiligonga. Kulitwanga ni kazi ya kuvunja mabega.

Hapo ndipo Beatha alipokaa chini barazani, chungu kigonjwa mapajani, akajiuliza: nini kimebadilika? Shimo ni lile lile. Kuni ni zile zile, magome ya muwati na majani makavu. Mikono ni ile ile.

Chenga hazikuwa zile zile.

Mwezi wa nane tingatinga la barabara lilikuwa limekata kona juu ya kijiji, na ndani ya ukingo pakatokea mkanda wa jiwe jeupe, safi kama sukari. Beatha mwenyewe ndiye aliyeliona kwanza. Aliligonga likavunjika bila ubishi, likitoa nyuso bapa zinazometa. Ni jeupe, ni chenga, ni rahisi. Aliwaita wenzake, na wote wakabeba kwa beseni, wakimshukuru kwa Kishambaa. "Hongea, mama Rubeni, umetuponya mabega." Hakulikwaruza kwa kisu. Mtu aliyefundishwa kulikwaruza kila jiwe alifurahia wepesi wa nyundo, akasahau kisu.

Akanyanyuka. Alichukua kipande cha jiwe la barabarani na kipande cha jiwe la mtoni, akaviweka juu ya kinu kilichogeuzwa. "Jenipher! Njoo na kisu na limao."

Binti alitoka akichechemea, macho mekundu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Futa uso. Kwaruza hili."

Jenipher alilikwaruza jiwe la mtoni. Kisu kiliteleza, kikaacha mstari wa kijivu, nao ulikuwa wa chuma chenyewe. Akalikwaruza la barabarani. Ncha ilizama, ikachimba mfereji, unga mweupe ukamwagika.

"Sasa kamulia limao juu ya unga huo, kisha juu ya lile la mtoni."

Unga ulichemka. Povu dogo liliinuka kwa sauti ndogo kama ya soda iliyofunguliwa. Kwenye jiwe la mtoni limao lilikaa kimya likitazama.

"Linachemka bila moto!" alisema Jenipher, akasahau kwamba alikuwa analia.

Beatha alilamba kidole. Ladha ile ikamrudia, na safari hii akaijua: ni ya utotoni, akilamba ukuta mpya wa kanisa na kuchapwa kwa ajili hiyo. Chokaa.

Siku ya Jumatatu alishuka hadi shule ya sekondari ya kata kumwona Mwalimu Alfred, anayefundisha jiografia na ambaye hununua kwake chungu cha kupikia maharage kila kikivunjika cha zamani. Walikaa nje ya ofisi ya walimu. Mwalimu aliligeuza jiwe mara mbili kwenye mwanga.

"Marumaru hii, mama."

"Ile ya bafuni kwa wenye nacho?"

"Ile ile, ila yako haijapigwa msasa. Ilianza kama tope la chokaa chini ya bahari."

"Bahari gani? Tanga iko kule chini."

"Bahari iliyokuwepo kabla ya Tanga, kabla ya samaki hata. Tope lilifunikwa na matope mengine, likazama chini sana, likabanwa na kuchomwa. Halikuyeyuka. Lilijipanga upya tu, likawa hivi. Na mawe haya mengine yote yenye mistari na punje nyekundu yalipikwa pamoja nalo. Kisha yakainuliwa, na yale yaliyokuwa juu yake yakamomonyoka. Mlima wako wote umechomwa, mama Beatha."

Beatha alifikiri. "Kama umechomwa, mbona jiwe hili halikugeuka chokaa huko huko chini? Kwangu limegeuka kwa moto wa magome na majani tu."

Mwalimu aliacha kuligeuza jiwe. "Hilo ni swali zuri sana." Akakuna kidevu. "Huko chini lilikuwa limebanwa. Ndani yake mna hewa, na hiyo hewa haikuwa na njia ya kutoka."

"Kama chungu chenye kifuniko kizito."

"Hasa. Kwako kifuniko hakipo. Motoni hewa inatoka, inabaki chokaa mbichi. Na chokaa mbichi ina kiu. Hata unyevu wa hewani itaunywa, na ikinywa..."

"Inavimba," alimalizia Beatha. "Inasukuma ukuta wa chungu hadi kigae kinaruka. Na ukungu wa juzi umeinywesha."

"Mimi jiwe nalijua kitabuni," alisema Mwalimu Alfred. "Ndani ya chungu sijawahi kuliona. Ukilipata la uhakika, niletee vigae hivyo niwaonyeshe wanafunzi."

"Uhakika ninao. Waliobaki ni wanawake wenzangu."

Alijua kwamba maneno ya mwalimu hayatatosha, wala yake. Yeye ni mama mkwe. Angesema chochote, wangesema anakinga nyumba yake. Basi akaenda kwa Mwajuma na ombi moja.

"Chimba udongo kwa mkono wako mwenyewe, dada, mahali utakapo, ambapo mwanamume hajawahi hata kupatazama. Changanya na jiwe la barabarani, ufinyange vikombe. Mimi kwangu pembeni bado kuna ule udongo aliobeba Rubeni. Umefungwa kwenye majani ya migomba, haujaguswa. Jenipher ataufinyanga yeye, na chenga za mtoni. Vyote viingie moto mmoja."

Mwajuma alifumba jicho moja. "Yaani udongo wangu safi upambane na udongo wenu mchafu?"

"Ndiyo."

"Na vyangu vikipona?"

"Nitamwambia mwenyewe asiende shimoni. Kwa mdomo wangu."

Mwajuma alicheka kwa mara ya kwanza tangu ndui ianze. "Mtu akijiamini hivyo ama ana akili ama ana homa. Haya."

Vikombe vilifinyangwa, vikakaushwa darini juu ya moshi wa jiko. Vya Mwajuma alivitia alama yeye mwenyewe kwa ukucha, mistari miwili kila kimoja, ili pasiwe na kubadilishiana. Vilichomwa pamoja Jumatatu iliyofuata mbele ya wanawake wote. Vilipopoa vilitoka vyekundu na vizuri, vya huku na vya huku, huwezi kutofautisha. Vikapangwa barazani kwa Mwajuma, na baraza lake linatazamana na njia, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa mlinzi.

Kisha jua likawaka.

Siku nzima ya Jumanne liliwaka, na ya Jumatano. Mbingu ilikuwa ya buluu hadi kule Mtae. Watu walianika maharage wakifurahia. Beatha alikuwa akipita njia ile akienda dukani, na kila akipita Mwajuma alikiinua kikombe chenye mistari miwili akakigonga kwa kucha. Ngii.

"Vinaimba, mama Rubeni!"

"Wacha viimbe."

"Unataka nikuletee maji uvinyweshe?"

"Hapana. Nikivimwagia maji utasema nimeviroga. Vitanywa vyenyewe."

Nyumbani Jenipher alikuwa hali vizuri. Alhamisi jioni alipokuwa akimenya viazi alisema bila kuinua uso, "Mama, na ukungu usipokuja?"

"Umeishi Bulwa. Uliwahi kuona milima hii ikakosa ukungu wiki nzima?"

"Mara moja moja."

"Basi hii si hiyo mara." Alilisema kwa sauti ile ile anayosemea kwamba viazi vimeiva. Lakini alipotoka kufunga kuku alisimama uani akalitazama bonde kwa muda mrefu kuliko kuku wanavyohitaji.

Ijumaa alasiri upepo uligeuka. Ukungu ulipanda kutoka bondeni polepole, ukaimeza shule, ukaumeza mnara wa simu, ukafika barazani kwa Mwajuma na kukaa humo usiku kucha.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, wanawake walikusanyika. Walikuja na vikoi na mitandio, wakiwa na baridi, wakasalimiana kwa "onga maundo" na kuulizana habari za ng'ombe na wajukuu, kwa kuwa salamu haikatizwi hata kwenye kesi. Jenipher alikaa mwisho wa mkeka. Rubeni alisimama mbali, upande wa pili wa njia, akijifanya anatengeneza mpini wa jembe.

Mwajuma alikichukua kikombe chake cha kwanza. Akakigeuza huku, akakigeuza kule. Kilikuwa kizima. Wanawake wawili walitazamana. Akafungua mdomo kusema, na kabla neno halijatoka, ikasikika *tik!* Kigae kidogo kiliruka kutoka ubavuni, kikamgonga kwenye kidole gumba, kikaanguka mkekani.

Mwajuma alikiangalia kishimo. Katikati palikuwa na nukta nyeupe.

"Hata adabu hakina," alisema polepole. "Kimeningoja nikishike."

Yunis ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na wengine. Walipovigeuza vingine vyenye mistari miwili, viwili vilikuwa vimeshabanduka kwa upande wa ukutani ambako hakuna aliyeona, na kimoja kilikuwa na ufa mwembamba unaoanza. Vya Jenipher vilipitishwa mkono kwa mkono, vikagongwa, vikanuswa, kimoja kikang'atwa na bibi mmoja asiyeamini macho. Vyote vililia ngii.

Beatha alisimama. "Shimo halijakasirika," alisema. "Jiwe la barabarani ni chokaa. Motoni linaamka na kiu, likinywa ukungu linavimba. Udongo wa mkono wake Mwajuma ulikuwa safi, na umeota ndui. Udongo uliovushwa na mwanamume umepona. Jiwe lile nililileta mimi, na sikulikwaruza kwa kisu. Anayestahili kuulizwa ni mimi."

"Sasa tukufukuze wewe?" aliuliza Mwajuma. "Nani atatuambia lipi jiwe na lipi chokaa? Kaa chini."

"Sijamaliza. Mwiko wetu ubaki. Sikuja kuuvunja. Mwanamume asimame kwenye jiwe bapa, kama siku zote. Ila mwiko wetu tusiubebeshe makosa ya jiwe."

Mwajuma akamgeukia Jenipher, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Wewe binti wa chai. Kikombe hiki umekitoa ukingo mwembamba hivi kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wa kushoto! Miaka yote nafundisha wa kulia." Akakiweka kikombe mapajani pake, na ikawa wazi kwamba hatakirudisha. "Utanionyesha shimoni." Kisha akapaza sauti kuvuka njia. "Na wewe Rubeni! Ukisikia yowe tena, vua viatu kwanza!"

Mpini wa jembe ulimwanguka Rubeni mkononi, na wanawake wakacheka hadi mitandio ikawavuka vichwani.

Vyungu vilivyoharibika havikurudi. Kazi yote ya moto wa Septemba ilikuwa imepotea, na chenga zote zilizobaki kwenye mabeseni ya kijiji zilikuwa za kutupa. Mabega yaliyopumzika mwezi mzima yalirudishiwa mchi. Beatha alisema hivyo bila kuzunguka, na wanawake wakanung'unika, wakakubali. Vigae vyenye nukta nyeupe alivifunga kwenye gazeti kwa ajili ya Mwalimu Alfred.

Asubuhi yake, Jumapili, kabla kengele ya kanisa haijalia mara ya kwanza, Beatha alishuka mtoni na Jenipher. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Alitia mguu majini, akaokota jiwe jeupe, akampa binti pamoja na kisu. Jenipher alikwaruza, akatazama, akalitupa. Beatha akampa lingine. Kisu kikateleza, kikaacha mstari wa kijivu. Jenipher akalitia kwenye beseni, akanyoosha mkono wake wa kushoto kuomba linalofuata.